Zamu ya Bibi Gaudiosa

Januari 26
Mvua. Nguo hazikauki, viatu vimeota ukungu, na sasa nimepewa historia.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Hamphrey, kaniita ofisini na lile tabasamu lake la kukubebesha mzigo huku akikuambia ni heshima. Mwezi wa tano chuo chetu cha ufundi, Lyandembo, kinafanya jubilei ya miaka hamsini, na mgeni rasmi lazima akabidhiwe kijitabu cha historia ya chuo. "Wewe Mwalimu Tumpe una Kiswahili kizuri." Haya bwana. Mimi ni mkufunzi wa ushonaji, nimetoka Rungwe, nimeletwa huku Umatengoni kufundisha watu kutia kola na mifuko, sikuletwa kufukua habari za marehemu. Nikasema sawa, Mkuu.

Januari 29
Mvua. Nimeomba mafaili ya miaka ya mwanzo, yameliwa na mchwa. Mwalimu Iddy wa umeme akasema basi nikawahoji mchwa, ndio pekee waliosoma historia yote ya chuo. Nilicheka mpaka nikasahau hasira.

Februari 7
Leo nimepanda kilima kwa Bibi Gaudiosa. Kaniongoza mjukuu wake, Devotha, mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho. Huyu binti ana mkono, akikata kitambaa hukuti kipande cha kutupa. Mwezi wa tano anafanya mtihani wa taifa na mimi sina wasiwasi naye hata kidogo. Hana baba, mama yake yuko Dar es Salaam na hatumi salamu. Bibi ndiye kila kitu.

Njia ni utelezi mtupu. Nimefika nimechafuka hadi magotini.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwalimu, karibu. Pole na kilima chetu. Kinapenda kuwashika wageni miguu."

Kanipa ndizi na maharage, halafu akaanza kusimulia kabla sijauliza. Chuo kilianzia kwenye ghala la kahawa la parokia. Mumewe Antoni alijifunza useremala kwa wamisionari, akaanza kuwafundisha vijana humo ghalani, na Bibi mwenyewe akawafundisha wasichana kwa cherehani ya mkono. Mavuno ya kahawa yakija wanafukuzwa, wanafundishia nje mpaka magunia yaondoke. Antoni akachoka kufukuzwa. Ukoo wake ulikuwa na ntambo, ule mteremko mzima kati ya vijito viwili, akawaomba ndugu zake sehemu ya chini wajenge chuo.

"Mkandarasi alikuwa nani?" nikauliza.

Bibi akacheka. "Mkandarasi ni sisi. Ilikuwa ngokela."

Ngokela ninaijua, ni kazi ya kuitana. Mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, na kesho yeye anakwenda kwao. Wale watu walifyatua tofali zote za chuo hiki kwa ngokela. Wanawake walibeba maji kutoka kijitoni, Bibi akiwa na mimba ya pili. Hiyo mimba ilitoka. Aliisema hivyohivyo tu, akiwa anamenya ndizi.

"Na chuo kilitoa nini?"

"Chuo kiliahidi kuja. Kila mwaka mwezi wa tatu, vijana wa chuo wanakuja kulima ngoro, mashimo yetu ya mteremkoni, kwa nyumba moja ya huku juu. Zamu kwa zamu. Hawajakosa hata mwaka mmoja. Serikali ilipokichukua chuo, wakaja. Umeme ulipoingia, wakaja. Mwaka huu ni zamu yangu mwalimu, na tangu Antoni afe sijawahi kufikiwa. Nitapika pombe nzuri."

Niliandika yote. Wakati wa kushuka nilianguka mara mbili.

Februari 12
Mvua ya mawe. Bati la bweni la wasichana limetoboka.

Februari 16
Kompyuta mpya zimefika. Hakuna meza za kuziwekea. Mkuu amepiga nazo picha zikiwa chini.

Februari 23
Kikao cha walimu. Mkuu kasema kuanzia mwaka huu hakuna mwanafunzi kwenda kulima kwa wanakijiji. Kwanza mtihani uko karibu, pili huko kuna pombe, tatu mzazi wa Mbeya akisikia mwanawe anatumikishwa shambani atasema nini?

Nilifurahi, sifichi. Machi iliyopita tulipelekwa pamoja na wanafunzi, nikateleza nikaingia kwenye shimo la ngoro mzimamzima, na mlevi mmoja akaniimbia wimbo mpaka jua linazama. Na Jumamosi za Machi ndizo ninazoshonea kwaya sare za Pasaka.

Mwalimu Clemence wa uashi, ambaye ni mtu wa hapahapa, akanyoosha mkono nusu. "Mkuu, ule ni utaratibu wa siku nyingi na wenyeji." Kisha akaushusha, kwa sababu yeye ni wa mkataba na mkataba unaisha Juni.

Mkuu akanigeukia. "Mwalimu Tumpe, wewe ndiye uko kwenye historia. Kuna makubaliano yoyote hapo?"

Nikasema hakuna kilichoandikwa.

Ni kweli, hakuna kilichoandikwa.

Machi 1
Tangazo limebandikwa getini tangu Ijumaa. Devotha kanifuata nyumbani: "Mwalimu, bibi ameshaloweka ulezi wa pombe." Nikamwambia amwambie bibi asitishe. Akasema alimwambia jana, na bibi akamjibu kwamba tangazo la getini ni la watoro, yeye ana neno la chuo.

Machi 4
Jua kidogo asubuhi. Mikono mitano ya blauzi za kwaya.

Machi 7
Jumamosi. Nimeshona kutwa. Redio, chai, amani. Kuanzia saa mbili hivi ukungu ulipanda na nikaona juu kule kwa Bibi moshi wa jikoni. Nikarudi kwenye cherehani.

Machi 8
Leo baada ya misa Clemence hakunisalimia. Mimi ni Mmoraviani, huwa naketi nyuma kanisani kwao kwa ajili ya kwaya, naye husimama kunisubiri tutembee pamoja. Leo akapita. Nikamkimbilia.

"Clemence, kulikoni?"

"Hujui ulichokifanya?"

"Nimefanya nini tena? Tangazo ni la Mkuu."

Akasimama katikati ya barabara, matope yale, akaniambia polepole kama anayemwelekeza mtoto. Zamu ya chuo ndiyo inayofungua kazi. Vijana wa chuo wanakata nyasi na kuzilaza, ndipo majirani wanakuja na majembe kuzifukia. Jana majirani walikaa milangoni wakisubiri vijana wapande. Vijana hawakupanda. Chuo kimekwenda kwa kila nyumba ya huku juu, kimeruka ya Bibi Gaudiosa.

"Basi majirani si wangekwenda tu?"

"Mwalimu, kwetu pombe ya ngokela haikosi watu. Ikikosa, mwenye nyumba ameambiwa jambo. Hivyo ndivyo tunavyomwambia mtu kwamba tumemjua ni mchawi. Hatumtukani wala hatumpigi. Hatuendi, basi. Jana watu walitazamana wakasema, chuo kina wasomi, lazima wamegundua kitu. Wakabaki kwao."

Nilipanda kilima na viatu vya kanisani. Mitungi ilikuwa imepangwa nje, minne, imejaa, povu limeanza kukauka ukingoni. Viti vya kuazima vilikuwa bado kwenye mduara. Devotha alikuwa shambani peke yake, amekata nyasi kipande cha ukubwa wa mkeka. Alikuja tangu jana asubuhi, alitoroka bweni.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini. Nikamwamkia, akaitika vizuri, akanikaribisha. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, wewe unakaa na wakubwa. Nimemkosea nani?"

Nilisema Bibi hujamkosea mtu, ni ratiba tu, mitihani. Akanitazama. Ratiba! Hata mimi nililisikia neno lenyewe lilivyo jepesi mbele ya mitungi ile.

Akaanza kumwaga. Mtungi mmoja baada ya mwingine, migombani. Hakutaka nimsaidie.

Machi 10
Mvua kutwa.

Machi 12
Alhamisi ya sala za jumuiya. Ilikuwa zifanyike kwa Bibi, zimehamishiwa kwa Bernadi, jirani yake wa chini. Sababu: kwa Bibi panavuja. Panavuja tangu lini? Kwa Bernadi ndiko kunakovuja. Watu hawa nilikuwa nawaona wapole, wacha Mungu, wanaoinua kofia wakikutana nawe njiani. Wapole kweli. Wanakuzika kwa upole.

Na mimi je? Mimi nilikuwa na Jumamosi yangu.

Machi 13
Devotha amesimamishwa masomo: kutoroka bweni na kushiriki pombe. Hajanywa tone. Mbaya zaidi, wiki hizi ndizo za mazoezi ya vitendo, na asiyekuwa na alama za vitendo hafanyi mtihani wa taifa. Miaka yake yote inakwenda kwa kipande cha nyasi.

Machi 16
Nimekwenda kwa Mkuu. Nilijiandaa kugombana, akanivunja nguvu kwa kunivutia kiti. Tatizo la Hamphrey ni kwamba si mtu mbaya. Bweni lilipotoboka alilala ofisini ili wasichana watumie nyumba yake. Ila akishika sheria haiachi.

"Nikimsamehe huyu, kesho bweni zima litatoroka. Lakini mimi si katili, Mwalimu Tumpe. Aje mstarini Jumatatu, aseme mbele ya wenzake kwamba alikosea kwenda kule, aombe radhi, siku hiyohiyo anarudi karakana."

Nilitoka nimepona. Maneno mawili tu! Maneno hayavunji mfupa.

Machi 17
Hayavunji mfupa, lakini Devotha hataki.

Nimemkuta kwa bibi yake anafukia zile nyasi zake. Nikamweleza, nikamsihi, mwisho nikamfokea. Nikamwita mjinga. Akaweka jembe chini.

"Mwalimu, siku ile alikuja nani kwa bibi?"

"Ulikuja wewe."

"Nikisimama mstarini niseme nilikosea kuja, atakuwa amekujiwa na nani?"

Akaliokota jembe tena.

"Mimi nisipofanya mtihani nitashona vibarazani. Wako wengi wanashona vibarazani. Lakini bibi ataishi wapi?"

Mtoto wa miaka ishirini ananiuliza maswali haya, na mvua inaninyeshea. Nyuma yake nikamwona Bibi dirishani. Alisikia yote.

Machi 19
Nimewaambia Clemence na Iddy twende tukamlimie Bibi Jumamosi, sisi watatu. Iddy akasema funga inakwisha, Jumamosi nguvu atakuwa nazo, twende.

Machi 21
Tulikwenda na majembe. Bibi alitupokea kwa heshima zote, akatushukuru, na akatukatalia. "Pombe imeshamwagwa, wanangu. Hii mnayoniletea sasa ni huruma. Na huruma watu wataiona kutoka barabarani." Clemence akainamisha kichwa, yeye alielewa. Iddy akauliza, kwani huruma ina ubaya gani? Tukarudi na majembe yetu safi, na kila mlango tulioupita ulikuwa na mtu.

Machi 23
Nataka kuandika kama ilivyokuwa, nisipunguze.

Saa moja na nusu wanafunzi wako mstarini. Manyunyu. Mkuu ametangaza kwamba leo mwenzao mmoja ana neno. Devotha alikuwa amesimama pembeni karibu na bendera, amekuja kuchukua sanduku lake, amekaza uso. Nilijua hatasema. Mkuu akamwita. Hakusogea. Akamwita tena.

Ndipo Bibi Gaudiosa akaingia getini. Kavaa kitenge chake cha WAWATA, cha akina mama Wakatoliki, kile cha sikukuu, na kilemba, miguu peku kwa sababu ya utelezi, viatu mkononi. Alipita katikati ya mistari ya wanafunzi mpaka mbele, akavaa viatu, akasimama.

"Shikamooni walimu."

Alituamkia sisi! Mama aliyebeba maji ya tofali za jengo lile lililokuwa nyuma yetu. Hakuna aliyejua afanye nini. Iddy aliziba mdomo. Na Mkuu, nadhani kwa kuchanganyikiwa tu, nataka kuamini ni kuchanganyikiwa, akaitika, "Marahaba, mama."

Bibi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Mwenye kosa ni mimi. Nilipika pombe bila kuwauliza wenye chuo. Huyu mtoto nilimwita mimi, na mtoto akiitwa na bibi yake atakataaje? Yeye hana neno la kusema hapa. Naomba radhi kwa chuo. Naomba afanye mtihani."

Devotha alipiga ukelele, "Bibi, hapana!" Bibi hakumgeukia.

Mkuu akasogea, akamshika Bibi mkono kwa mikono yake miwili, akasema huu ndio mfano wa mzazi bora, tumpigie makofi. Wanafunzi wakapiga. Walimu wakapiga. Nilitazama viganja vyangu, navyo vilikuwa vinapiga.

Bibi akavua viatu, akarudi alikotoka.

Machi 24
Devotha amerudi karakana. Anakata, anashona, hasemi. Nikimwuliza swali la kazi ananijibu la kazi.

Machi 27
Huko juu wanasema: amekiri. Nimeyasikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kama hakuwa na neno, alikwenda kuomba radhi ya nini mbele ya umati? Nikageuka nikawaambia nyinyi hamna haya, yule mama amewajengea watoto wenu shule! Wakaniitikia kwa adabu, ndiyo mwalimu, pole mwalimu. Kisha wakahamia Kimatengo.

Aprili 5
Pasaka. Sare za kwaya zimependeza, kila mtu amenisifu. Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Aprili 9
Bibi amehama. Ameshuka ziwani, Mbaha, kwa binti yake mkubwa Kunigunda. Clemence ndiye aliyemtafutia gari. Kasema Bibi hakulia, alifunga mlango, akampa Devotha ufunguo, akauliza tu kama barabara ya huko inapitika na mvua hizi.

Aprili 22
Mvua zinapungua. Mkuu amesoma rasimu yangu ya historia. Ahadi mimi mwenyewe sikuwa nimeiandika. Amekata ukurasa wa tofali na ngokela, ameandika: "Chuo kilianzishwa kwa juhudi za wadau mbalimbali." Badala yake ameweka picha ya siku ile mstarini, yeye na Bibi wameshikana mikono. Chini yake: "Ushirikiano mwema wa chuo na jamii."

Mei 8
Mtihani wa vitendo. Devotha kashona koti lenye bitana, msimamizi kutoka nje akalishika, akaligeuza ndani nje, akaita wenzake waje waone. Devotha akafuta cherehani, akafunga vitu vyake. Alipita mbele yangu akasema, "Shikamoo mwalimu," akaenda zake. Hakuniaga zaidi ya hapo.

Mei 11
Nimelipuka.

Mkuu kaingia ofisi ya walimu na furaha zake, akauliza kama lile shamba la Bibi Gaudiosa sasa liko wazi, maana chuo hakina kiwanja cha netiboli. Nikasimama. Nilimwambia yote, mbele ya Clemence, Iddy na wengine. Ardhi ilitolewa na nani, kwa ahadi gani, pombe isiyo na watu maana yake nini, na yule mama alituamkia akiwa amebeba nini moyoni. Nilimwita mtu asiye na macho.

Hamphrey alikaa chini taratibu. Rangi ilimtoka. Sijawahi kumwona hivyo.

"Ahadi hiyo," akasema, "uliijua lini?"

Nikashusha mkono niliokuwa nimemnyooshea.

"Nilikuuliza, Mwalimu Tumpe. Kikaoni. Mimi ni mgeni hapa, nilikuuliza wewe uliyekuwa unapanda kwake na daftari. Ungesema tu, Mkuu, kuna neno lilitolewa. Ningewapeleka mwenyewe."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimtazama Clemence, akatazama dirisha. Iddy, ambaye ana mzaha kwa kila jambo, hakuwa nao.

Nikakaa.

Mei 16
Sikusubiri jubilei. Nimeomba ruhusa, nikapanda gari la asubuhi kutoka Mbinga, tukateremka mpaka joto la ziwa likatupiga usoni, nikalala Mbamba Bay, leo nimefika Mbaha.

Kwa Kunigunda kunajulikana, ni nyumba ya tatu kutoka kwenye vichanja vya dagaa. Bibi alikuwa uani anachambua dagaa, kakonda. Nilipiga magoti, nikamwamkia. Akaitika, akanipa kigoda, akaniletea maji ya kunawa, kisha ugali na samaki, mbasa wa kukaanga. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga njia nzima. Kila nilipofungua mdomo akaniongezea mboga.

"Kula kwanza. Safari ya kule ni ndefu."

Hakuuliza habari ya chuo wala ya kilima. Nikamwambia Devotha kafanya vizuri sana, akasema Mungu ni mwema, akaendelea na dagaa wake.

Kunigunda akarudi kutoka ziwani na beseni kichwani. Akanisalimu kwa uchangamfu, akamwuliza, "Mama, mgeni wetu ni nani?"

Bibi hakuinua uso. "Simjui jina. Ni mpita njia, nikaona ana njaa."

"Karibu sana dada," Kunigunda akaniambia. "Unaelekea wapi?"

Nilimtazama Bibi. Naye alikuwa ananisubiri nijibu, kama Kunigunda.

Nikasema napita tu, naelekea Lituhi.